Deni la Kodi la Zamani: Usiikimbie Barua, Isome

Ndugu mkulima, wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa walikuwa na desturi moja nzuri. Risiti ya kodi waliitia katika mkebe, wakaufunika, wakauweka mahali pasipoingia mvua wala mchwa. Askari akija kuuliza, mkebe ulifunguliwa na maneno yakaisha. Kodi ya kichwa haipo tena, lakini sababu ya kuwa na mkebe ingaliko. Mwezi huu tutaeleza juu ya deni la kodi ambalo huwapata watu wengi wenye mashamba katika skimu: deni la biashara ndogo iliyofanywa muda mfupi, ikaachwa, ikasahauliwa.

Mambo huanza hivi. Kabla ya kupata shamba, au mwaka ambao mvua ilikosekana, mtu hujaribu kazi yake mwenyewe. Mmoja hununua viazi kwa jirani na kuvipeleka sokoni. Mwingine hukodi kinu cha kusaga unga. Mwingine hubeba maziwa ya watu kwa pikipiki. Ili apate leseni au afungue hesabu ya benki, huchukua PIN kwa Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA. Baada ya miezi minane faida ni ndogo, naye hurudi kulima. Miaka inapita. Kisha siku moja ujumbe unaingia katika simu: unadaiwa kodi, na faini, na riba.

Wengi wakiona ujumbe huo hufanya moja katika mambo mawili. Wengine huufuta na kunyamaza. Wengine hushtuka, wakauza ng'ombe na kulipa yote bila kuuliza. Njia zote mbili ni mbaya.

BIASHARA ILIKUFA, PIN HAIKUFA

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili. Ukiacha biashara, PIN yako haiachi kazi. Mwenye PIN iliyoandikishwa kwa kodi ya mapato hutakiwa kupeleka ritani kila mwaka, si baada ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, hata kama hakupata kitu. Asiyepata kitu hupeleka ritani ya sufuri. Mtu binafsi asiyepeleka hutozwa faini ya asilimia 5 ya kodi anayodaiwa au Shs. 2,000/-, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo aliyenyamaza miaka mitatu baada ya kufunga biashara amejiwekea Shs. 6,000/-, ijapokuwa hakuuza hata gunia moja.

Jambo la pili: KRA isipopata ritani yako, sheria inairuhusu kukadiria. Huangalia habari ilizo nazo, kama vile fedha zilizoingia benki, kisha huandika kodi kwa makisio. Makisio hayajui ulimlipa mwenye lori kiasi gani, wala makuli, wala ushuru wa soko.

MFANO WA MUUZA VIAZI

Tuchukue mfano wa mtu aliyeuza viazi miezi minane katika mwaka 2021. Mauzo yake yote yalikuwa Shs. 900,000/-. Hakupeleka ritani. KRA ikiyachukua mauzo yote kana kwamba ni faida, hesabu kwa viwango vya mwaka ule huwa hivi: Shs. 288,000/- za kwanza kwa asilimia 10, ni 28,800/-, Shs. 100,000/- zinazofuata kwa asilimia 25, ni 25,000/-, na Shs. 512,000/- zilizobaki kwa asilimia 30, ni 153,600/-. Jumla ni 207,400/-. Ondoa nafuu ya kila mtu, 28,800/-. Zinabaki Shs. 178,600/-. Ni fedha za kumfanya mtu aangalie ng'ombe wake kwa huzuni.

Sasa tuifanye hesabu ya kweli. Viazi alivinunua kwa 520,000/-. Lori 110,000/-. Magunia na makuli 30,000/-. Ushuru wa kaunti 20,000/-. Jumla ya gharama ni 680,000/-, na faida ni 220,000/-. Asilimia 10 ya faida hiyo ni 22,000/-. Nafuu ni 28,800/-, nayo ni kubwa kuliko kodi yenyewe. Kwa hiyo, kama hakuwa na mapato mengine mwaka ule, kodi yake ni sufuri. Linalobaki kwa mwaka huo ni faini ya Shs. 2,000/- ya kuchelewesha ritani. Ng'ombe aliyetaka kuuzwa anabaki zizini.

Lakini si kila mtu atatoka bila deni. Kama faida yake ilikuwa 340,000/-, kodi ya kweli ni 13,000/- baada ya nafuu. Hiyo alitakiwa kuilipa kabla ya mwisho wa Aprili 2022. Kwa kuchelewa huongezwa asilimia 5, ni 650/-, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, ni 130/-. Riba haizai riba nyingine, wala jumla yake hairuhusiwi kupita kodi yenyewe. Akikaa miezi 48, riba ni 6,240/-. Pamoja na faini ya ritani, 2,000/-, atalipa 21,890/-. Ukimya wake umemgharimu 8,890/-.

KWA NINI MWENYE SHAMBA AJALI

Huenda ukasema, "Mimi sina biashara tena, watanifanya nini?" Sikiliza. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inaipa KRA uwezo wa kuiagiza benki yako itoe fedha za deni. Tena inaweza kumwandikia Msajili wa Ardhi kwamba shamba la mdaiwa liwe dhamana ya kodi asiyolipa. PIN hutakiwa pia katika kulipa ushuru wa stempu na kuandikisha hati ya shamba. Mtu aliyelipa mkopo wa shamba miaka mingi, akangoja hati kwa hamu, hafai kukwazwa na deni la viazi.

NINI CHA KUFANYA

Kwanza, pata karatasi ya hesabu yako yote. Unaweza kuiona katika iTax, au nenda Huduma Centre au afisi ya KRA iliyo karibu pamoja na kitambulisho. Uliza kila mstari: hii ni kodi, au faini, au riba? Ni ya mwaka gani? Je, ni ritani niliyopeleka mimi, au ni makisio?

Pili, kusanya ushahidi. Usiseme huna. Kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya M-Pesa, na benki taarifa ya hesabu yako. Tafuta risiti za ushuru wa soko na leseni. Mwenye lori anaweza kukuandikia barua ya fedha ulizomlipa. Sheria inataka karatasi za biashara zihifadhiwe miaka 5. Kwa hiyo usizichome hata kama biashara imekufa.

Tatu, ikiwa ni makisio nayo si ya kweli, andika pingamizi. Una siku 30 tangu ulipopewa habari ya makisio. Pingamizi liseme wazi kosa liko wapi, hesabu ya kweli ni ipi, na liambatanishwe na ushahidi pamoja na ritani ya mwaka huo. Sehemu unayokubali kwamba unadaiwa, ilipe au patana na KRA namna ya kuilipa. Kama siku 30 zimepita, unaweza kuomba muda zaidi ikiwa ulikuwa mgonjwa, au hukuwa nchini, au una sababu nyingine ya haki, lete uthibitisho. KRA ikipokea pingamizi lililo sawa, lazima ijibu katika siku 60. Isipojibu, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Usiporidhika na jibu, una siku 30 za kwenda mbele ya Baraza la Rufani za Kodi.

Nne, ikiwa deni ni la kweli nawe huna fedha za kulilipa mara moja, andika kuomba kulipa kidogo kidogo. Taja kiasi unachoweza kutoa hata mwezi ambao maziwa ni machache. Usiahidi kwa hesabu ya mwezi wa mavuno, maana ukikosa awamu moja, deni lote lililobaki laweza kutakiwa mara moja. Riba nayo huendelea mpaka deni liishe.

Tano, ukiisha maliza ya zamani, funga mlango. Omba wajibu wa kodi usiouhitaji ufutwe katika PIN yako, au peleka ritani kila mwaka bila kukosa. Kupeleka ritani kwa KRA hakulipiwi. Kumbuka kwamba faida ya shamba nayo ni mapato; weka hesabu ya maziwa, mbolea na vibarua, uiandike humo.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usikubali kijana wa saiba akupelekee ritani ya sufuri kwa mwaka uliouza vitu. Atakuambia ni njia ya mkato. Kumbe ni kusema uongo kwa maandishi, na kosa ni lako, si lake. Katika mfano wetu muuza viazi hakuwa na haja ya uongo. Ukweli wenyewe ulimwondolea kodi.

Usimpe mtu neno lako la siri la iTax, wala usimpe "afisa" fedha mkononi au kwa simu yake. Kodi hulipwa kwa karatasi yenye namba ya malipo inayotolewa na iTax yenyewe. Hifadhi risiti.

Usitegemee kwamba deni litazeeka na kufa. Ni kweli kwamba KRA kwa kawaida ina miaka 5 ya kukadiria mwaka uliopita. Lakini kipimo hicho hakimkingi aliyekwepa au aliyezembea kwa makusudi, wala hakifuti deni lililokwisha kuandikwa.

Tena usingoje msamaha. Palikuwa na msamaha wa faini na riba ulioanza Septemba 2023 na kwisha Juni 2024, kisha ukaongezwa kwa madeni ya hadi Desemba 2023, ukafungwa tarehe 30 Juni 2025. Waliojitokeza walipona. Msamaha hutolewa kwa sheria, si kwa uvumi wa sokoni. Ukisikia habari ya mwingine, kaulize afisini.

Mkulima hujua kwamba kupe mmoja akiondolewa mapema haudhuru mfugo, na akiachwa huleta wengi. Deni la kodi ni vivyo hivyo. Chukua ile barua, keti chini mchana, uisome mstari kwa mstari pamoja na mtoto wako anayejua simu. Kisha tafuta mkebe wa babu, utie risiti zako ndani, uufunike.