Kazi ya Picha: Kompyuta Ipewe Masharti Gani?

Katika parokia na sharika nyingi siku hizi wapo akina mama wanaojipatia riziki kwa kupiga picha. Mwingine alianza na simu yake tu, akawapiga watoto wa Kipaimara, watu wakazipenda, na mwaka uliofuata akanunua kamera. Leo anaitwa kwenye ubatizo, harusi, mahafali ya chekechea, na misiba pia. Ni kazi ya heshima, nasi tunafurahi kuwaona wenzetu wakisomesha watoto kwa mikono yao.

Lakini waulize kinachowachosha. Watakwambia si kupiga picha, bali usiku unaofuata. Tuseme harusi moja imetoa picha 400 zinazofaa. Kila moja ikitaka dakika mbili tu za kugeuzwa, kukatwa, kupunguzwa ukubwa na kuandikwa jina la studio pembeni, hizo ni dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20 mbele ya kompyuta. Mume anamwita mama akalale mara ya kwanza, anamwita mara ya pili, mara ya tatu hamwiti tena. Asubuhi mtoto anakwenda shule na sare isiyopigwa pasi. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa jambo dogo kama hili, na ndiyo maana tumeona tulizungumze katika kurasa hizi, ingawa kwa sura yake linaonekana ni la mafundi.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya usiku inaweza kufanywa na kompyuta yenyewe, mama akiwa amelala. Anachohitaji ni kuiandikia maagizo, ambayo mafundi huyaita skripti. Lugha mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Python. Jina hilo limewashtua baadhi ya akina mama, kwa kuwa kwa Kiingereza ni chatu, na sisi na nyoka hatujapatana tangu bustani ile. Wasiwe na hofu. Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, aliipa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Programu ya kurekebishia picha iitwayo GIMP inakubali maagizo ya Python. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo hutolewa bure, kwa halali kabisa, bila mtu kuiba nakala. Ipo pia Pillow, ambayo ni nyongeza ya Python na haifungui dirisha lolote. Unaionyesha folda ya picha, nayo inazipitia moja baada ya nyingine. Kwa picha 400 za harusi Pillow inatosha.

Neno "kama"

Kila mama jikoni anatumia masharti bila kuyaita hivyo. Kama mchele ni wa zamani, maji yanaongezwa. Kama ni mpya, yanapunguzwa. Kama una mawe, unachaguliwa kwanza kabla ya lolote. Binti akifundishwa kupika wali bila kuelezwa hizo "kama", siku moja ataleta mezani uji na siku ya pili mchele mbichi, ingawa vikombe alipima vilevile.

Kompyuta ni kama binti huyo. Ukiiambia "punguza picha zote ziwe upana huu na urefu huu", itatii, na picha za wima zitatoka zimebanwa kama zimekaliwa. Ndipo linapoingia sharti. Kwa Python linaandikwa hivi:

if upana > urefu:
    ukubwa = (1800, 1200)
elif upana < urefu:
    ukubwa = (1200, 1800)
else:
    ukubwa = (1200, 1200)

Maneno matatu tu ndiyo ya kigeni. "If" ni kama, "elif" ni la sivyo lakini kama, na "else" ni vinginevyo. Mengine ni Kiswahili chetu, maana lugha hii haikatazi mtu kuvipa vitu vyake majina ya kwao. Nafasi zile nne mwanzoni mwa mstari si urembo. Ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba agizo hili liko chini ya sharti lile, na ukizisahau, au ukisahau nukta mbili mwishoni mwa sharti, itagoma kabisa.

Namba zenyewe hazikutoka hewani. Picha ya kawaida ya albamu ni inchi 4 kwa 6, karibu sentimita 10 kwa 15, na mashine ya kuchapia hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Zidisha: 1200 kwa 1800.

Mpangilio una maana kubwa hapa. Kamera ikishikwa wima, mara nyingi picha huhifadhiwa imelala, kisha namba inaandikwa ndani ya faili kusema igeuzwe vipi. Moja ni iache, 3 ni ipindue juu chini, 6 ni igeuze robo kuelekea mkono wa kulia, 8 ni robo kuelekea kushoto. Kwa hiyo sharti la kwanza kabisa liwe la kusoma namba hiyo na kuigeuza picha. Ukipima upana kabla ya kugeuza, umempima mtu akiwa amelala.

Jambo jingine ni kamera ya simu. Kamera nyingi za studio hutoa picha ya uwiano wa 3 kwa 2, lakini simu nyingi hutoa 4 kwa 3. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ukiilazimisha iwe 1800 kwa 1200, uso wa bibi harusi utapanuka kwa sehemu moja ya nane, na mama yake atakuuliza umemfanya nini mwanawe. Dawa ni kuikata badala ya kuivuta. Lakini kukata nako kunaondoa kitu juu na chini, na katika picha ya ukoo mzima juu ndipo kilipo kilemba cha mama mkwe aliyesimama nyuma, na chini ndipo walipoketi wajukuu. Sisi tunashauri sharti la namna hii: kama uwiano si 3 kwa 2, picha isikatwe na skripti, bali nakala yake ipelekwe kwenye folda iitwayo "angalia". Mama ataiona asubuhi kwa macho yake.

Asili isiguswe

Skripti haiulizi "una hakika?" kama zinavyouliza programu nyingine. Ukiiambia ihifadhi picha mpya kwa jina la zamani mahali palepale, ya zamani imekwisha.

Hasara yake huonekana baadaye sana. Miaka mitatu baada ya harusi familia inagonga mlango usiku. Baba wa bibi harusi ameitwa na Bwana, na picha yake nzuri kuliko zote ni ile aliyocheka siku ya harusi ya binti yake. Wanataka sentimita 40 kwa 60, isimame mbele ya jeneza. Kama faili la asili lipo, hakuna taabu. Kama lililobaki ni lile la 1200 kwa 1800, kila inchi itapata nukta 76 tu, robo ya zinazotakiwa, na mzee atatoka ana ukungu usoni. Hakuna skripti itakayorudisha kilichofutwa.

Kwa hiyo folda ziwe mbili, moja ya asili na nyingine ya kazi, na skripti iruhusiwe kuandika katika hiyo ya pili tu. Nakala nyingine ya asili ikae kwenye diski nje ya kompyuta. Hata mwenye kuiomba akili bandia imwandikie skripti, jambo ambalo siku hizi linawezekana hata kwa Kiswahili, aijaribu kwanza kwa nakala za picha kumi, azitazame zote kumi, ndipo aiachie mia nne. Awaulize pia wanaotumia GIMP kama skripti ni ya toleo gani, maana toleo la 3.0 lilipotoka Machi 2025 lilihamia Python 3, na skripti za Python zilizoandikwa kwa toleo la 2.10 zinahitaji kurekebishwa.

Giza au weusi?

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kila mama asimame kidogo, hata asiyepiga picha.

Kompyuta huhesabu mwanga wa kila pikseli kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Mafundi wengi huandika sharti rahisi: kama wastani wa picha uko chini ya 100, ongeza mwanga. Linaonekana la busara. Sasa ichukue kwaya iliyovaa majoho meusi, imesimama mbele ya pazia la zambarau wakati wa Kwaresima. Wastani utakuwa chini, ingawa mwanga ulitosha na kila uso unaonekana vizuri. Skripti itazifua nyuso zote mpaka zifanane na majivu. Mgeukie bibi harusi mwenye gauni jeupe linalojaza nusu ya picha: wastani utakuwa juu, skripti itaridhika, na uso wake utabaki kivulini. Sharti hilo linapima nguo, halipimi mtu.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, ili mafundi warekebishe rangi mpaka ngozi yake ionekane sawasawa. Kadi hizo zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa mmoja wa wa kwanza kupigwa picha hizo. Ngozi ya Shirley ikawa ndiyo ngozi. Mtoto mweusi alipopigwa pamoja na wenzake weupe darasani, mara nyingi kwenye picha alibaki macho na meno. Profesa Lorna Roth wa Montreal, Kanada, aliyechunguza habari hizo na kuzichapisha mwaka 2009, alielezwa kwamba miongoni mwa waliolalamika na kuifanya Kodak iboreshe filamu zake walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa rangi za bidhaa zao hazikutofautiana vizuri. Chokoleti ilipata watetezi mapema kuliko watoto. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990.

Mama anayeandika skripti leo anatengeneza kadi yake ya Shirley. Binti wa miaka kumi na minne akipewa picha ya Kipaimara ambayo uso wake umeng'arishwa kuliko alivyo, amefundishwa neno ambalo hakuna aliyelitamka kwa sauti. Baadaye tunashangaa amejulia wapi habari za mkorogo. Tunasema wazi kwamba ngozi aliyopewa na Mungu si kosa la mwanga.

Ipo hasara nyingine ya kawaida zaidi. Picha ya kuombea viza ya Marekani inatakiwa iwe ya mraba, kati ya pikseli 600 na 1200 kila upande, faili lisizidi kilobaiti 240, na hairuhusiwi kurekebishwa kwa namna inayobadilisha sura ya mwombaji. Vipimo hivyo skripti inaviweza barabara. Lakini ikimng'arisha mtu kwa kufuata wastani, imemwekea mteja wako hatari ya kukataliwa.

Basi upimaji uweje? Badala ya wastani, skripti itafute sehemu zenye mwanga mkubwa kuliko zote katika picha. Picha iliyopata mwanga wa kutosha karibu kila mara ina mahali peupe: kola, meno, karatasi za nyimbo, shela. Kama hata hapo hapafiki 200, huenda kweli mwanga ulikuwa haba. Tunasema huenda, kwa sababu taa ya ukutani ikiingia katika picha ya ukumbi wenye giza itaidanganya skripti. Kwa hiyo sharti lisiseme "ongeza mwanga". Liseme "peleka nakala kwenye folda ya angalia". Katika picha 400 huenda arobaini zikaingia humo, na arobaini kwa dakika mbili ni saa moja na dakika ishirini.

Kabla ya kuzituma

Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. Picha ya watoto uani, ikitumwa kama faili kamili, inaweza kumwonyesha mtu asiyejulikana nyumba yenyewe ilipo. Sharti lake ni fupi kuliko yote: kama faili lina habari za mahali, zifutwe katika nakala inayotumwa. Tarehe na saa ziachwe, maana ndizo zitakazopanga picha za ibada zitangulie zile za ukumbini, hata kama zilipigwa na kamera mbili. Ila saa za kamera hizo zilinganishwe asubuhi kabla ya kwenda kanisani.