Usipoonekana leo, nani atauliza?

Msomaji, kabla ya kuendelea, hebu jiulize swali dogo: tangu ulipoamka leo umezungumza na nani? Sisemi mazungumzo ya kazini wala amri ulizowapa watoto walipokuwa wakijiandaa kwenda shule. Nauliza juu ya maongezi ya kawaida, yale ya "umeamkaje", "mvua ya jana ilikukuta wapi" na "mbona nyanya zimepanda bei tena".

Wengi huyaona maongezi ya aina hii kuwa ni kupoteza wakati. Kwa daktari, hata hivyo, hili ni jambo la afya, kama vile chakula unachokula, usingizi unaopata na sigara unazovuta.

Utafiti unasema nini?

Mnamo mwaka wa 1965, watafiti walianza kuwafuatilia watu wazima wapatao 7,000 katika eneo la Alameda, jimbo la California nchini Marekani. Waliwauliza kuhusu ndoa zao, jamaa na marafiki zao, na vyama au makanisa waliyohudhuria. Matokeo ya miaka 9 yalichapishwa mwaka wa 1979. Wale waliokuwa na uhusiano mchache na wenzao walikuwa wamefariki kwa wingi zaidi kuliko waliokuwa na uhusiano mwingi. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya watafiti kuzingatia sigara, pombe na unene wa mwili.

Mwaka wa 1997, watafiti wengine wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 276 wenye afya njema walikubali kutiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa na uhusiano wa aina nyingi, yaani na jamaa, majirani, wafanyakazi wenzao na wanachama wenzao, hawakushikwa na mafua kwa urahisi kama wale wenye uhusiano wa aina chache.

Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu tatizo hili. Shirika hilo lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila watu 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na zaidi ya vifo 871,000 kila mwaka.

Ni kweli kwamba wakati mwingine mtu hujitenga kwa sababu tayari anaugua. Lakini ushahidi umekuwa mwingi mno kiasi kwamba daktari hawezi kuupuuza.

Mwili unavyofaidika

Mtu mwenye wasiwasi wa muda mrefu huwa na homoni nyingi za mfadhaiko katika damu. Homoni hizi huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na sukari, na huvuruga usingizi. Dakika chache za kucheka na mtu unayemwamini huutuliza mwili.

Akili nayo hupata zoezi. Ili uzungumze ni lazima usikilize, ukumbuke na utafute neno linalofaa. Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau uzeeni. Kutengwa na watu ni mojawapo, na kutosikia vizuri ni jingine.

Mambo hayo mawili hufuatana. Mzee asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?", kisha huanza kukaa kimya chumbani, na jamaa zake hudhani ni uzee tu. Mpeleke akapimwe masikio. Huenda tatizo ni nta iliyoziba, jambo linaloweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Usijaribu kuitoa kwa kijiti cha pamba, kwani utaisukuma ndani zaidi.

Salamu ni kipimo

Salamu zetu za Kiswahili zina faida moja ambayo watu hawaitambui. Ukimuuliza mtu "hujambo?" atakujibu "sijambo", hata kama hakulala usiku kucha. Lakini salamu zetu haziishii hapo. Utauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Kufikia swali la tatu, ndipo ukweli hutoka: "Nzuri, ila tu huu mguu." Baada ya hiyo "ila tu", nyamaza usikilize.

Anayekusalimu kila siku anaijua sauti yako na mwendo wako. Kwa hiyo atatambua mabadiliko ambayo daktari anayekuona mara mbili kwa mwaka hawezi kuyatambua. Jirani akiona kwamba mdomo wako umekwenda upande, mkono mmoja umelegea au maneno yamekuwa mazito, huenda umepatwa na kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inafaa kutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mtu anayeishi peke yake na asiyezungumza na mtu yeyote huweza kulala sakafuni hadi siku ya pili.

Vilevile kwa mgonjwa wa kisukari. Sukari ikishuka mno, yeye mwenyewe huenda asijue. Anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anatoka jasho na kuwa mkali bila sababu. Anayemjua atasema, "Huyu si yeye wa kila siku," na kumpa soda yenye sukari haraka, iwapo bado yuko macho na anaweza kumeza. Akizimia, asipewe chochote mdomoni. Akimbizwe hospitalini.

Mjini tumebanana, lakini tu wapweke

Huenda ukasema upweke ni tatizo la Wazungu, kwamba Nairobi mtu hawezi kuwa peke yake hata akitaka. La hasha. Katika maghorofa ya Pipeline au Umoja, ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, na bado watu huishi miaka mingi bila kujuana majina. Unatoka alfajiri kuwahi matatu, unarudi usiku, unafunga mlango wa chuma.

Wanaume na wajane wazee ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mwanaume wa mjini akipoteza kazi, hupoteza pia watu wote aliozungumza nao, maana marafiki zake walikuwa wa kazini. Wakazi wa Mji wa Kale kule Mombasa wana jambo la kutufundisha hapa. Wazee hukutana barazani jioni, wakanywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, na mmoja wao asipofika, hutafutwa.

Kundi la marafiki kwenye simu linaweza kusaidia pia, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani, hata kama wanachama hawajawahi kuonana. Kipimo chake ni kimoja: ukinyamaza siku tatu, kuna atakayeuliza? Kama hakuna, basi wewe ni mtazamaji tu.

Mfano wa Harare

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mradi mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare. Akina nyanya walifundishwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi 6, waliozungumza na akina nyanya hao walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ufanye nini?

1. Chagua watu watatu utakaowasalimu kila siku kwa jina: mama mboga, bawabu, jirani wa mlango wa pili. Usiwape salamu ya kupita. Simama.

2. Mpigie simu jamaa mmoja mzee kila juma, siku ile ile na saa ile ile, ili asipojibu ujue kuna jambo.

3. Ukiishi peke yako nawe una shinikizo la damu, kisukari au kifafa, mwambie jirani mmoja unayemwamini. Mwonyeshe dawa zako zinapokaa.

4. Aliyekuambia siri ya afya yake, itunze. Ikifika kwenye kibanda cha kinyozi, hatasema tena.

5. Msipeane dawa. Kidonge kilichomfaa jirani kinaweza kukudhuru.

Maongezi yanapokuwa hayatoshi

Maongezi si badala ya matibabu. Ukikaa majuma mawili au zaidi ukiwa na huzuni karibu kila siku, hufurahii chochote, usingizi au hamu ya chakula imebadilika, na unajiona huna thamani, nenda hospitalini. Huo ni ugonjwa, nao unatibika.

Mtu akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimcheke wala usimhubirie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mtafutie msaada siku hiyo hiyo. Asiogope polisi: Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakiuka Katiba.

Jioni hii, kabla ya kufunga mlango wa chuma, bisha mlango wa jirani. Muulize jina lake, na umwambie lako.