Mkono Uliopooza Usiachwe Bila Kazi: Somo kwa Familia za Wagonjwa wa Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, nyumba nzima humhurumia. Mmoja humlisha, mwingine humvisha shati, wa tatu humshikia kikombe. Huruma hiyo ni njema, lakini utafiti wa miaka mingi umebainisha kwamba msaada uliopitiliza waweza kuunyima mkono dhaifu nafasi ya kupata nguvu tena. Makala haya yanaeleza sababu zake na hatua ambazo familia inaweza kuchukua.

Kiharusi hutokeaje?

Aina iliyo ya kawaida zaidi hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapozibwa, mara nyingi na damu iliyoganda. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, mgonjwa hupooza upande ulio kinyume na ule wa ubongo ulioathirika. Haya ni maradhi ya mishipa ya damu. Si jini wala kurogwa.

Utafiti wa Edward Taub

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alichunguza kima waliokatwa mishipa ya fahamu inayoleta hisia kutoka mkono mmoja. Kima hao waliacha kuutumia mkono huo, ijapokuwa misuli yake ilikuwa ingali ikipokea amri za ubongo. Mkono mzima ulipofungwa kwa siku kadhaa, walianza kuutumia tena ule walioutelekeza. Taub alihitimisha kwamba sehemu ya ulemavu huo ni mazoea: mnyama alijaribu siku za mwanzo akashindwa, akajifunza kutojaribu tena, hata pale uwezo ulipokwisha kurejea.

Mwaka 1993 Taub na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia wazo hilo kwa wagonjwa wa kiharusi. Katika tiba hiyo, mkono mzima huzuiwa, aghalabu kwa glovu nene, kwa sehemu kubwa ya saa ambazo mgonjwa yuko macho, kwa muda wa wiki mbili. Wakati huo mkono dhaifu hufanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku, kuanzia nyepesi hadi ngumu.

Mwaka 2006 Steven Wolf wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzake, Taub akiwamo, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 iliyotangulia. Waliopewa tiba hii waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilidumu kwa mwaka mmoja au zaidi. Walioshirikishwa, hata hivyo, ni wale walioweza kuinua kiganja na kunyoosha vidole angalau kidogo. Tiba hii haimfai kila mgonjwa.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kuuzuia mkono mzima. Mgonjwa anayeyumba anauhitaji ili asianguke.

Pili, mwache mgonjwa ajaribu mwenyewe kazi ndogo zisizo na hatari: kuchambua maharage, kukunja kanga, kufungua mfuniko wa chupa. Asiharakishwe, na asinyang'anywe kazi kwa sababu anachelewa. Kazi za moto na visu zisubiri.

Tatu, mazoezi yarudiwe kila siku. Zoezi la mara moja kwa wiki halitoshi.

Nne, dawa za shinikizo la damu zisikatishwe bila ushauri wa daktari, kwani aliyepata kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kukipata tena.

Dalili za kukimbilia hospitali

Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla, au maneno kutotamkika ni dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, baada ya kipimo cha picha ya ubongo. Kumbuka saa dalili zilipoanza, usimpe mgonjwa chakula, kinywaji wala dawa yoyote, na mfikishe hospitalini mara moja.

Kwa maelezo zaidi kuhusu mazoezi, mkazi afike katika kituo cha afya kilicho karibu au amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji au mtaa wake.