Konyeza na Askari wa Damu

Mvuvi akivuta juya lake akalikuta limejaa konyeza, hukunja uso, akalikung'uta na kurejea nyumbani akijikuna mikono. Kwake yeye konyeza ni hasara tupu. Hata hivyo, mwaka 1961, katika Kisiwa cha San Juan, magharibi ya Marekani, mtaalamu wa Kijapani, Osamu Shimomura, aliwachota viumbe hao kwa maelfu, akitaka kujua kwa nini hung'aa. Mwaka 1962 yeye na wenzake walitangaza kwamba, pamoja na kile walichokitafuta, wamekuta protini inayotoa rangi ya kijani inapomulikwa. Kwa miaka mingi haikuwa na kazi.

Sisi tunaokaa katika vikao vya kugawa mafungu ya fedha hupenda kuuliza: faida yake ni nini mwaka huu? Lau Shimomura angeulizwa hivyo, angejibu nini?

Leo protini hiyo ni taa ya wanaochunguza askari wa mwili wetu kwa hadubini, yaani seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi, nao si ukuta wa mawe. Mwaka 1970, kabla taa ya konyeza haijatumika, Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu zikawa moja, wakazitia protini zake rangi kwa kingamwili, hizi kijani, zile nyekundu. Baada ya dakika 40 hivi katika joto la mwili, rangi zilikuwa zimechanganyika. Katika baridi zilibaki mbalimbali. Yakini protini huelea katika utando kama majani ya mkoko juu ya maji ya hori.

Na hapo ndipo penye siri. Seli T inapokutana na seli inayoshukiwa kubeba adui, hushikamana nayo, na protini zilizotawanyika hujipanga: vipokezi katikati, za kushikilia zikivizunguka kama pete. Avraham Kupfer na wenzake walitangaza picha za mpangilio huo mwaka 1998. Wataalamu wa Oxford, Davis na van der Merwe, wana rai kwamba nafasi baina ya seli hizo mbili, nanomita 15 tu, ni finyu mno kwa protini ndefu iitwayo CD45, ambayo huweza kuzima ishara. Basi husukumwa kando, na ishara ikawaka. Wapo wanaobisha. Lakini asidhani mtu kwamba ni mabishano ya anasa, maana virusi vya UKIMWI huingia kwa kushika protini ya utando huo huo, CD4.

Mwaka 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Douglas Prasher, ambaye mwaka 1992 alitangaza jeni ya protini ile na kuwagawia Chalfie na Tsien bure, siku hiyo alikuwa dereva wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Fedha za kuendeleza kazi yake juu ya jeni hiyo zilikuwa zimekwisha zamani. Wawili hao walimgharimia safari ya Stockholm, akaketi miongoni mwa wageni.