Redio imepunguka nguvu, ao ni masikio?



Umemaliza posti. Umevua kaske na buti, umeoga, umeingia katika motokari yako. Unafungua redio na kuona sauti ni ndogo. Unasema moyoni: «Redio hii iliyotoka na motokari kiwandani haina nguvu. Mwisho wa mwezi nitaongeza ampli.» Fundi wa mtaani yuko tayari, bafle kubwa ziko sokoni, na safari ya kongé kutoka Kolwezi kwenda Dilolo ni ndefu: Mutshatsha, Kasaji, vumbi na pori. Nani anapenda kusafiri bila muziki?

Ukurasa huu haukukatazi muziki. Lakini kabla ya kutoa mshahara wako, tunakuomba ufanye jaribio moja ambalo halilipwi hata faranga.

Jaribio la jioni na asubuhi

Jioni ukitoka kazini, simamisha motokari mahali pa utulivu, zima injini, na upange sauti ya redio kama unavyopenda. Izime bila kugusa tena kipimo cha sauti. Kesho asubuhi, ukiisha kulala vizuri, iwashe mahali pale pale. Je, sauti ile ile inakushitua? Basi jana redio haikuwa na kosa. Ni masikio yako yaliyokuwa yamechoka.

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana ambavyo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele ya mashine ya kutoboa mwamba, ya kuvunja mawe, ao ya feni kubwa za shimoni huvilaza kama upepo unavyolaza majani. Ukipumzika, vinaweza kuinuka. Ukivipiga kila siku, vinakufa, na vikifa haviote tena. Mguu ukivunjika, daktari anaufunga. Kwa vinywele hivi daktari hana dawa. Tena, sikio halitoi damu wala halilii. Linakwenda polepole, na mwenyewe ndiye anayejua wa mwisho. Mama watoto anajua mbele yake, kwa sababu anaona unapaza sauti mezani.

Hesabu ya kelele

Nguvu ya kelele hupimwa kwa desibeli. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa 1. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Ampli na bafle nzuri, vioo vikiwa vimefungwa, hufikia desibeli 100 bila taabu.

Fanya hesabu mwenyewe. Kama fungu lako la siku limekwisha kazini, muziki wa njiani unakula fungu la kesho. Na mtoto aliyekaa nyuma, karibu kabisa na bafle, anakula fungu la maisha yake, naye hajaanza hata kazi.

Ikiwa jaribio limekuonyesha kwamba masikio yamechoka, usinunue ampli. Vaa vizibo vya masikio kazini bila kuvitoa, na uende kwa muganga wa kampuni akupime.

Ikiwa bado unataka ampli

Pengine jaribio limeonyesha kwamba masikio ni mazima na redio ni dhaifu kweli. Sawa. Lakini jua unachoingiza katika motokari yako.

Redio ya kiwandani inatumia waya mwembamba, kwa sababu inakula umeme kidogo. Ampli ni mlaji mwingine. Tuseme ni ya wati 400 za kweli, si zile zinazoandikwa kwenye katoni. Batri ni ya volti 12, na sehemu ya umeme inapotea kama moto. Ukifungua sauti mpaka mwisho, ampli inaweza kuvuta karibu amperi 50. Ukiiunganisha kwenye waya wa redio, fyuzi itakatika. Na fundi akiweka kipande cha msumari mahali pa fyuzi, ni waya utakaowaka, chini ya kapeti, mahali usipouona.

Kwa hiyo ampli inahitaji waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye batri. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Batri yenye nguvu ya kuzungusha injini inaweza kutoa amperi mamia. Waya ukipita katika tundu la bati, mitikisiko ya barabara inasugua ngozi yake. Siku shaba itakapogusa bati, waya utakuwa mwekundu kama chuma cha muhunzi. Kama hakuna fyuzi karibu na batri, hakuna kitu cha kuukata.

Shika mambo haya saba:

1. Kazini hatutengenezi mashine kabla ya kukata umeme na kuweka kufuli. Nyumbani ni vilevile: toa kwanza waya wa hasi wa batri, na uurudishe mwisho.

2. Weka fyuzi kubwa kwenye waya wa ampli, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye batri. Fyuzi inalinda waya, basi ichaguliwe kwa unene wa waya. Kwa amperi 50, tafuta waya wa shaba wa milimita 16 za mraba na fyuzi ya amperi 60.

3. Angalia shaba. Sisi tunaochimba shaba, ni haya kuuziwa aluminiamu iliyovishwa shaba! Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba. Waya huo hupitisha umeme vibaya na kupata moto upesi kuliko shaba ya unene uleule.

4. Kila tundu la bati lenye waya livishwe mpira.

5. Waya wa hasi wa ampli uwe mfupi, ufungwe kwa bolti kwenye bati lililokwaruzwa rangi. Usitumie kamwe bolti ya mkanda wa usalama.

6. Kabla ya kutoboa sakafu, lala chini ya motokari utazame: tangi la esansi liko wapi? Mabomba ya breki yanapita wapi?

7. Usiguse waya ao soketi za rangi ya manjano zilizo karibu na usukani na viti. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa, ambayo inaweza kulipuka usoni mwako.

Ampli iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe na magunia. Sanduku la bafle lifungwe kwa bolti: siku ya ajali litaruka kama jiwe la dari linaloanguka shimoni. Na ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, simama, zima injini, shusha watu wote kwanza. Vitu vinanunuliwa tena.

Njiani

Muziki mkubwa unafunika honi ya lori, kilio cha mtoto, na filimbi ya treni. Reli yetu inayotoka Tenke kupitia Kolwezi mpaka Dilolo iliunganishwa na reli ya Benguela ya Angola mwaka 1931, na treni ya mizigo haisimami ghafula kwa ajili ya mtu mmoja. Mahali barabara inapokatiza reli, zima muziki, fungua kioo, sikiliza, tazama pande mbili, ndipo upite.

Na wewe mama, usaidie. Baba akianza kuuliza «Unasema nini?» mara tatu mezani, usicheke wala usikasirike. Mwambie afanye jaribio la redio jioni hii.

Kampuni inaweza kukupa kaske nyingine. Masikio hayako katika magazini ya vifaa.

LINDA MASIKIO YAKO: NDIYO YATAKAYOKUSIMULIA SAUTI ZA WAJUKUU.