Kitanzi cha pambo la Krismasi kinavyokula faida ya mchongaji

Wachongaji wa Wamunyu, Changamwe na Gikomba wanayapenda mapambo madogo ya Krismasi kwa sababu hayadai gogo jipya. Kipande cha mzeituni kilichobaki baada ya kuchonga bakuli au miiko kinatosha kutoa nyota mbili au malaika mmoja. Masalio ya jakaranda yanakuwa twiga na ndovu wa ukubwa wa kidole gumba. Mti ulishalipiwa na kazi kubwa, kwa hiyo kinachopatikana kwenye masalio kingepaswa kuwa faida.

Lakini mnunuzi wa Ulaya au Marekani anataka pambo ambalo mteja wake atalitoa kwenye boksi na kulitundika mtini papo hapo. Ndipo mchongaji anapodaiwa kitanzi, na mara nyingi kitanzi hicho hakimo kwenye bei waliyokubaliana.

Skrubu ndogo yenye pete kichwani hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ila ukinunua za kutosha oda ya mapambo 1,000 gharama inauma. Karakana nyingi zimeamua kujitengenezea. Fundi hupigilia misumari miwili kwenye ubao, akazungusha waya kwenye msumari mmoja kupata pete, akaisokota miguu yake mara tatu au nne kwa koleo, kisha akakata. Pambo linatobolewa kwa keekee au drili, tundu likiwa jembamba kidogo kuliko msokoto, linatiwa tone la gundi na mguu wa waya unasukumwa ndani. Ule msokoto ndio unaong'ata mti.

Kwa vifaa peke yake, hesabu inapendeza. Kilo moja ya waya wa chuma wenye unene wa milimita 0.9 ina urefu wa mita 200 hivi. Ukikata vipande vya sentimita 8, unapata vitanzi 2,500. Gharama halisi iko kwenye mikono. Kutoboa, kutia gundi, kusukuma waya na kufunga uzi kukichukua dakika moja tu kwa kila pambo, oda ya 1,000 imekula zaidi ya saa 16. Saa hizo kwa kawaida huwaangukia wanaopiga msasa na kung'arisha, wengi wao wanawake, ambao hulipwa kwa idadi ya vipande vilivyokamilika. Kitanzi kikiongezwa bila malipo, ujira wao wa siku umepungua, hata kama bei ya kipande kwenye daftari haijaguswa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, anayekusanya mapambo kwa wachongaji na kuyasafirisha, alizungumza kwa sharti la kutotajwa jina. Analalamika kwamba wanunuzi humlipa kwa sampuli lakini humkata kwa kitanzi. Sampuli huchongwa kwa utulivu kwenye mti mkavu. Oda yenyewe hukimbizwa ili iwahi meli, na mti mbichi haufichi haraka hiyo: baada ya wiki kadhaa kwenye kontena unanywea, gundi inaachia, na ufa unaanzia palepale kwenye tundu. Mapambo yakifika yakiwa na vitanzi vilivyong'oka, anasema, anayekatwa ni yeye, naye huwakata wachongaji kwenye oda inayofuata. Anakiri kwamba hana njia ya kujua ni mchongaji yupi aliyetumia mti mbichi, kwa hiyo makato huwaangukia wote.

Kwa maelezo yake, uchaguzi wa waya nao umemtia hasara. Waya wa kufungia nondo ni wa bei nafuu, lakini chuma kikikutana na unyevu kwenye mti wenye tanini nyingi huacha doa jeusi kuzunguka tundu, na kichwa cha malaika kikishaingia doa hilo, msasa hauliondoi kirahisi. Sasa anawahimiza wachongaji wachukue waya wa shaba uliotolewa kwenye mota zilizoungua, ambao mafundi wa kusuka mota huuza kama chakavu. Hautoi kutu na rangi yake inapatana na mti. Tatizo ni kwamba chakavu cha shaba kina wanunuzi wengine wenye fedha zaidi, na bei yake hupanda bila taarifa.

Anazo kanuni nyingine ambazo hakuna mwongozo wowote wa serikali aliowahi kuuona ukizitaja. Jakaranda ni laini, inatobolewa upesi, lakini haiushiki waya kama mzeituni. Mzeituni unashika sana, ila usipotangulizwa tundu unapasuka kufuata nyuzi za mti. Twiga asitobolewe kwenye utosi mwembamba, bali mgongoni karibu na bega, vinginevyo kichwa kinagawanyika. Waya utiwe kabla ya polishi ya viatu, kwa sababu gundi haikamati penye nta. Uzi ufungwe mwisho kabisa, la sivyo polishi inauchafua.

Ofisa mmoja anayehusika na mauzo ya nje anaiona sekta kwa jicho jingine. Anasema uchongaji unaajiri kati ya watu 60,000 na 80,000 nchini Kenya na kuingiza takriban dola milioni 20 kwa mwaka, na kwamba mapambo yaliyokamilika ni mfano mzuri wa kuongeza thamani. Makisio hayo yanafahamika. Yalishakuwa yakinukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo utalii umepigwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha na janga la korona mwaka 2020, na muhugu uliolisha karakana kwa miaka mingi umeadimika kiasi cha kuwasukuma wachongaji kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda. Kutaja idadi ileile leo ni kudhani kwamba hakuna karakana hata moja iliyofungwa. Alipoulizwa ni sehemu gani ya thamani hiyo humfikia anayetia kitanzi, ofisa huyo alisema takwimu hazishuki hadi kiwango hicho.

Kuna dalili ya nafuu, japo si kubwa. Baadhi ya wanunuzi wanakataa plastiki na kuomba uzi wa katani au pamba, na katani inalimwa Kilifi na Taita Taveta. Uzi wa mita 100 hutoa vitanzi 500 vya sentimita 20, na ukipitishwa kwenye tundu lililotobolewa upande hadi upande hauhitaji waya wala gundi. Hata hivyo katani hutoa manyoya na huwakwaruza wanaoifunga kutwa, na tundu la upande linaonekana kwenye kazi ndogo. Wachongaji wa nyota hawajali. Wa malaika wanakataa.

Mfanyabiashara wa Mombasa anasema msimu huu ameandika kitanzi kama gharama ya peke yake kwenye ankara. Mnunuzi mmoja amekubali. Wawili wameomba aifute, na mmoja wao bado hajathibitisha oda.