MeerKAT: Redio kubwa ya kusikiliza nyota, na majirani walioombwa kunyamaza

Tarehe 13 Julai 2018, viongozi, wanasayansi na wageni walikusanyika katika nyika kavu ya Karoo, jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 90 kutoka mji mdogo wa Carnarvon. Siku hiyo David Mabuza, aliyekuwa Naibu Rais, alizindua rasmi darubini ya MeerKAT. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa, kama ilivyo desturi ya uzinduzi. Lakini eneo hilo lina sharti ambalo wengi wetu tungeliona gumu: ukifika, simu inazimwa.

Katika makala hii tunaeleza darubini hiyo inafanya kazi gani, kwa nini simu ni adui yake, na watu wanaoishi jirani nayo wamepata nini na kupoteza nini.

Inasikiliza, haichungulii

Usidhani ni bomba refu lenye kioo la kuchungulia kwa jicho moja. MeerKAT ni madishi 64, kila moja likiwa na upana wa mita 13.5. Madishi 48 yamesimama katika eneo la katikati lenye upana wa kilomita moja. Mengine yametawanyika, na umbali kati ya yale yaliyo mbali zaidi ni kilomita 8. Kompyuta huunganisha yale yanayopokelewa na madishi yote, hata yakafanya kazi kama dishi moja kubwa mno.

Kinachopokelewa ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayokuletea matangazo yetu. Tofauti ni kwamba haya hayatoki kwenye mnara wa stesheni. Yanatoka kwenye nyota, kwenye mawingu ya gesi, na kwenye makundi makubwa ya nyota yanayoitwa galaksi.

Uzuri wa mawimbi ya redio unaujua tayari. Ukifunga mlango na madirisha, redio yako bado inasikika ndani ya nyumba, ingawa mwanga wa jua umezuiwa. Angani ni vivyo hivyo: mawingu ya vumbi huzuia mwanga, lakini mawimbi ya redio hupenya.

Ndiyo maana picha iliyooneshwa siku ya uzinduzi iliwafurahisha wanasayansi. Ilikuwa picha ya katikati ya galaksi yetu, ile inayoonekana kama ukanda mweupe angani usiku usio na mwezi. Jicho na darubini za kawaida haziwezi kupaona mahali hapo kwa sababu ya vumbi. Ni mbali sana: mawimbi yaliyotengeneza picha hiyo yalisafiri kwa muda wa miaka 25,000 hivi, kwa kasi ya mwanga, hadi kufika Karoo. Picha ilionesha pia nyuzi ndefu zenye nguvu ya sumaku, ambazo chanzo chake kilikuwa bado fumbo.

Kwa nini simu izimwe?

Mawimbi yakisafiri mbali kiasi hicho hufika yakiwa dhaifu kupita kiasi. Simu yako nayo inatoa mawimbi ya redio kila inapowasiliana na mnara. Wanasayansi wana mfano wao: simu moja ikiwekwa mwezini, ingekuwa miongoni mwa vitu vyenye sauti kubwa zaidi ya redio angani. Sasa fikiria simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyesimama chini ya dishi. Ni sawa na kupiga ngoma karibu na mtu anayetega sikio asikie mnong'ono.

Si simu tu. Cheche za plagi kwenye injini ya petroli hutoa kelele ya redio. Huenda umewahi kuisikia, pikipiki ikipita wakati unasikiliza stesheni ya AM. Hata kompyuta za MeerKAT zenyewe zimefichwa kwenye jengo lililo chini ya ardhi, zisiisumbue darubini.

Karoo ilichaguliwa kwa sababu ina watu wachache, na vilima vyake huzuia mawimbi yanayotoka mijini. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilitunga sheria inayoiruhusu serikali kudhibiti vyombo vya mawimbi katika maeneo kama hayo.

Upande wa majirani

Karoo ni nchi ya wafugaji wa kondoo. Kwao, kama kwetu, simu ni ya kuita daktari, kuuliza bei ya mifugo, na kutoa taarifa ya wizi. Kwa hiyo baadhi ya wafugaji walipinga vikwazo vya mawimbi. Njia mbadala zilitolewa, kama intaneti ya setilaiti, lakini setilaiti ya nyumbani haimfuati mchungaji malishoni.

Suala la pili ni ardhi. Mashamba yalinunuliwa ili kupisha mradi, na mwaka 2020 zaidi ya hekta 130,000 zikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ardhi ikibadilika hivyo, kazi za shambani hupungua, na duka la mjini huwapoteza wateja.

Faida pia zipo. Ujenzi ulileta ajira, na vijana wa eneo hilo wamepata ufadhili wa masomo. Darubini yenyewe imeliweka bara letu mbele katika elimu ya anga. Madishi yake 64 yatakuwa sehemu ya darubini kubwa zaidi iitwayo SKA, inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi huo.

Tunajifunza nini?

Siku ya uzinduzi hupita, jirani akabaki. Tunaamini elimu ya nyota ina thamani, na kwamba Mwafrika ana haki ya kuitafuta akiwa nyumbani kwake. Lakini mradi mkubwa ukija kijijini kwako, uwe wa utafiti, bwawa au mgodi, uliza mapema, mkutanoni, kabla utepe haujakatwa: Tutaacha nini? Tutapewa nini badala yake? Na nani ameyaandika hayo?